Siku Bi. Twyla Alipomwondoa Biskuti Uwanjani

Wasikilizaji wapendwa, kama uko jikoni, funga bomba kwanza. Kama uko barabarani na theluji hii, endelea na safari yako, tutakwenda pamoja. Leo tunamkumbuka Twyla Bidart.

Tulimzika Jumamosi. Upepo ulikuwa mkali, mchungaji akafupisha sala, na hakuna aliyemlaumu. Twyla Bidart wa Kijito cha Aspen, hapa hapa Kaunti ya Tarver, Wyoming. Alikuwa na miaka sabini na tisa. Zaidi ya nusu ya miaka hiyo alikuwa msimamizi wa kondoo kwenye maonyesho ya kaunti, na mlezi wa klabu ya vijana wafugaji. Kama ulifuga mwanakondoo ukiwa mtoto katika kaunti hii, basi Bi. Twyla alikufundisha. Alikufundisha kumwosha, kumnyoa, kumfanyisha mazoezi ya kutembea. Alikufundisha kumshika chini ya kidevu bila kamba, na kumwekea goti kifuani asukume, ili mwamuzi akimpapasa mgongo akute nyama imekaza.

Yeye mwenyewe alianza akiwa na miaka kumi. Mwanakondoo wake wa kwanza alishika nafasi ya tatu, kisha akauzwa mnadani siku hiyo hiyo, kama wanavyouzwa wote. Twyla alijificha nyuma ya banda akalia mpaka kwikwi zikamshika. Baba yake, mzee Prosper, alimfuata, akaketi kwenye ndoo iliyopinduliwa, akawasha sigara. Hakumwambia anyamaze. Hakumwambia kwamba atazoea. Alimaliza sigara yake, wakaenda nyumbani.

Na hivyo ndivyo Bi. Twyla alivyowafanyia watoto wetu. Kila Agosti, mnada ukiisha, alikuwa anazunguka nyuma ya mabanda. Aliwajua wanaolia kwa sauti na wanaolia kimya. Alikuwa anaketi karibu nao, na magoti yake yale mabovu. Baadaye anasema, "Haya, twende tukale." Basi.

Ilikuwa kazi ya kuchosha, wasikilizaji wapendwa, na yeye hakuficha kwamba anachoka. Mumewe Leon alipofariki, kazi zote za shamba zilimwangukia yeye na mtoto wao pekee, Garth. Kulisha, kuzalisha kondoo wakati wa baridi, kukarabati ua. Na bado watoto wa klabu walikuwa wanampigia simu alfajiri, mwanakondoo wangu anaharisha, mwanakondoo wangu hali, Bi. Twyla nifanyeje. Mkwewe Renae, mke wa Garth, alituambia hivi: "Kila mwaka baada ya maonyesho alikuwa anasema, nimechoka, mtafute mtu mwingine. Na kila mwaka sisi tulikuwa tunacheka. Hatukujua kwamba alikuwa anamaanisha."

Sasa niwaeleze habari ya Biskuti. Wengi wenu mnaijua nusu yake. Leo nawapa yote, kwa ruhusa ya wenyewe.

Miaka kumi na moja iliyopita, Garth na Renae walikuwa na binti wa miaka kumi na mitatu, Corliss. Corliss alikuwa mjukuu wa pekee wa Bi. Twyla. Mwaka ule alifuga mwanakondoo mwenye uso mweusi, akamwita Biskuti. Bibi yake hakupenda watoto wawape wanakondoo majina ya vyakula, alisema huo ni utani mbaya kuliko wanavyofikiri, lakini jina lilishashika. Tangu majira ya kuchipua Corliss aliamka mapema, akamtembeza Biskuti barabarani mpaka kwenye sanduku la barua na kurudi, jua, vumbi, mbu, kila siku. Watu waliomwona Biskuti walisema, mwaka huu hakuna wa kumshinda.

Garth naye, akiwa kijana, aliwahi kupata utepe wa zambarau wa bingwa. Hakuusahau. Na hakuna baba hapa kwetu ambaye angemlaumu kwa kutaka binti yake aupate.

Wiki ya maonyesho, Biskuti akaanza kuchechemea. Mguu wa nyuma. Walimtazama kwato, wakamwosha kwa maji ya chumvi, wakamlaza kwenye majani makavu. Siku ya kuonyesha kondoo ilipofika, bado alikuwa anachechemea.

Asubuhi hiyo, kwenye uwanja wa maegesho, Garth alitoa bomba la sindano kwenye kisanduku cha pikapu, akamchoma Biskuti shingoni. Dawa ya maumivu. Mnaijua sheria yetu, na sababu yake: mwanakondoo akishauzwa mnadani anakwenda kuchinjwa, na nyama yenye dawa ile hairuhusiwi kuliwa na mtu mpaka muda wake upite. Garth alimwambia binti yake kwamba si kitu, ni ya maumivu tu, asimwambie mtu. Hakuwepo mtu mwingine. Walikuwa wawili tu, baba na binti.

Baada ya muda mfupi Biskuti akawa anatembea vizuri kabisa.

Corliss alimkuta bibi yake kwenye sehemu ya kuoshea kondoo, bomba la maji mkononi, viatu vimelowa. Alisimama pale. Bibi yake akamuuliza mbona hujavaa shati lako la kijani la klabu.

"Bibi, Biskuti hachechemei tena."

"Vizuri."

"Si vizuri. Anatembea kama hana mguu mbovu. Lakini anao."

Bi. Twyla akafunga maji. Corliss anasema alimwona bibi yake anazeeka pale pale, kama mtu aliyeongezewa mzigo wakati alidhani amefika. Akamweleza yote. Sindano, shingo, baba.

"Umemwambia nani mwingine?"

"Hakuna."

"Basi usimwambie mtu tena. Nenda kanywe soda kwa mama yako. Ukiulizwa, hujui kitu. Nimeona mwenyewe."

Kisha Bi. Twyla akaenda kwenye vizimba. Alipita kizimba kimoja kimoja, akawapapasa kondoo wote, kama msimamizi anavyofanya. Alipofika kwa Biskuti akampapasa shingo. Hakukuwa na uvimbe wowote. Akasimama wima, akamwita daktari wa mifugo, akasema mbele ya watu wote kwamba ameona uvimbe wa sindano, kondoo huyu apimwe mkojo, na haingii uwanjani leo.

Wasikilizaji wapendwa, Bi. Twyla aliyekuwa anawafundisha watoto kusema kweli kuhusu kila chembe ya chakula wanachomlisha mwanakondoo, alidanganya. Alidanganya mbele ya kaunti nzima.

Wengi wenu mlikuwepo. Mnakumbuka Garth alivyokuja, kofia mkononi, uso mwekundu. Hakupiga kelele. Ingekuwa afadhali angepiga kelele.

"Mama, ungeniita pembeni."

"Ningeweza."

"Tungemrudisha nyumbani kimya kimya. Hakuna ambaye angejua. Sasa kwa nini?"

"Kwa sababu kuna watu wangemla, Garth."

Ilikuwa kweli, lakini haikuwa jibu la swali lake, na Garth alijua si jibu. Alimpakia Biskuti kwenye pikapu. Corliss alikaa katikati ya baba na mama yake mpaka nyumbani. Majibu ya mkojo yakaja, dawa ilikuwemo. Familia ya Garth ikafungiwa kushindana kwenye maonyesho ya mwaka uliofuata. Mguu wa Biskuti ulikuwa na jipu, likapona, na majira ya kupukutika majani akaondoka na kondoo wengine kwenye lori. Corliss ndiye aliyempandisha.

Baada ya hapo Garth hakuzungumza na mama yake. Aliajiri kijana wa kumsaidia mama kulisha, yeye mwenyewe akabaki upande wake wa kijito. Na alisema maneno. Alisema kwenye duka la vyakula vya mifugo, alisema kwenye kahawa ya asubuhi, kwamba mama yake alimwaibisha mjukuu wake wa pekee ili yeye aonekane mnyoofu. Watu walisikia. Wengine walikubaliana naye. Maneno yakamfikia Bi. Twyla, kwa sababu hapa kila neno linafika. Hakujibu. Krismasi, Renae alikuwa anampelekea pai na sahani ya nyama, Garth anabaki kwenye pikapu, injini inaunguruma. Bi. Twyla anatoka barazani, anampungia mkono yule mtu wa ndani ya pikapu, anarudi ndani.

Corliss alitaka kumwambia baba yake kweli. Alimwendea bibi yake akiwa na miaka kumi na minne, akakataliwa.

"Wewe bado unakaa kwake," bibi alimwambia. "Unakula mezani kwake. Mimi sikai kwake."

Alimwendea tena alipokwenda chuo cha uuguzi, mtu mzima sasa, mwenye chumba chake mwenyewe. Akakataliwa tena.

"Ameshazoea kunikasirikia mimi. Usimwanzishie upya."

Corliss alituambia: "Hakusema kama shujaa. Alisema akiwa amechoka. Alikuwa anamenya viazi. Nilitamani agombane na mimi, lakini aliendelea kumenya tu."

Na kila Agosti alirudi kwenye vizimba. Miaka yote hiyo. Watoto wapya, wanakondoo wapya. Agosti iliyopita moyo wake ulikuwa umeshakuwa dhaifu. Aliwekewa kiti kando ya uwanja, blanketi magotini ingawa kulikuwa na joto, na bado alikuwa anawaambia watoto, mtazame mwamuzi, usimtazame kondoo, kondoo unamshika, hakimbii. Garth alipita na wenzake wafugaji wa ng'ombe. Aliuona mkusanyiko, akamwona mama yake pale katikati. Akapita.

Mwezi huu wa Februari Renae alimpigia Garth simu kutoka hospitali. Garth aliendesha gari kwenye barafu akafika. Mama yake alikuwa amelala. Aliketi. Renae alikuwepo, na ndiye aliyetusimulia. Bi. Twyla alifumbua macho, akamtazama mwanawe kitambo, akamuuliza barabara ikoje.

"Ina barafu kidogo, Mama."

"Basi ukirudi usikimbize gari."

Hayo ndiyo maneno waliyozungumza. Miaka kumi na moja, halafu hayo. Garth alibaki pale kwenye kiti, na Bi. Twyla hakuamka tena.

Jumamosi, baada ya mazishi, watu wakiwa ukumbi wa chini wa kanisa na kahawa na mikate yao, Corliss alimshika baba yake mkono akamtoa nje kwenye ngazi. Akamwambia. Kwamba ni yeye aliyesema. Kwamba hakukuwa na uvimbe. Kwamba bibi alikataa kumwita baba pembeni kwa sababu pembeni baba angeuliza, nani kakwambia, na aliyeona alikuwa mtoto mmoja tu.

Corliss anasema baba yake aliuliza swali moja tu. "Ningejua, ungeniogopa?" Naye akamjibu, "Mwaka ule, ndiyo."

Garth alirudi ndani akaanza kukunja viti. Watu walikuwa bado wamevikalia vingine. Alikunja vilivyo wazi, akavipanga ukutani, akasimama akavitazama. Renae alimfuata akampokea kiti mkononi.

Jumatatu asubuhi Garth Bidart alikuja hapa studioni. Alikaa kofia ikiwa magotini. Tulidhani ameleta shukrani za familia. Akatueleza yote haya, taratibu, kama mtu anayesoma maandishi madogo. Tukamuuliza kama ana hakika anataka yasemwe hewani, kwa sababu jina lake ndilo litakalobaki midomoni mwa watu. Akasema: "Nilimsema mbele ya watu. Na hili walisikie watu hao hao."

Kwa hiyo tumelisema. Mlioko dukani, mlioko kwenye kahawa, mmesikia.

Twyla Bidart wa Kijito cha Aspen, miaka sabini na tisa, msimamizi wa kondoo. Kwa Garth, kwa Renae, kwa Corliss, na kwa watoto wote wa klabu, wakubwa na wadogo, tunawapa pole nyingi. Tunajua pole haifiki mbali. Pokeeni hivyo hivyo.

Nanyi wasikilizaji wapendwa, fikirini kidogo. Huenda kuna mtu wako hapo karibu, ng'ambo ya kijito au ya barabara, uliyemkasirikia siku nyingi hata umechoka kumkasirikia, na kuna swali ulimuuliza mara moja tu, halafu hukungoja jibu. Hatukwambii umsamehe. Hatujui alifanya nini. Nenda tu ukamuulize tena, angali anaweza kukujibu.