Pointi za Kambale

Benchi la Mama Marie-Jeanne lilikuwa ubao uliong'olewa kwenye lori lililochomwa miaka ile ya uasi. Lilikaa penye kona ya njia ipandayo Rughenda, mahali ambapo ukungu wa asubuhi wa Butembo humfanya mtu akumbatie kikombe cha kahawa hata kama hana kiu. Watu waliliita Sena, yaani Seneti, kwa kuwa waliokaa pale walisema sana wala hawakuamua neno. Asubuhi hiyo Vagheni, muuza maharage, ambaye benchi lilimwita Pilipili, alifika bila kumsalimu mtu. Mwanawe, Kambale Maliro, alikuwa amefaulu mtihani wa mwisho kwa pointi sitini na saba, mwalimu akazisoma mbele ya wazazi wote. Sasa kijana alikuwa ameenda kuchukua karatasi ya pointi zake ili aandikwe shule ya wauguzi kule Beni, na uandikishaji ulikuwa unafungwa kesho yake. Karatasi aliyopewa ilisema thelathini na moja.

Na aliyeichapa karatasi ile alikuwa amekaa palepale, akipuliza kahawa yake: Mukendi, mtumishi wa serikali kutoka Kasai, ambaye benchi lilimwita Disketi.

— We Disketi! Vagheni alinguruma. Sitini na saba ya mutoto yangu iko wapi?

— Jambo kwanza, Papa Vagheni.

— Hapana jambo! Nimekuuliza iko wapi?

Mukendi akaweka kikombe chini.

— Mais Papa, basoda, ba askari, baliiba ordinateur, ile kompyuta ya masomo, hata wewe uliona. Ni nani alikuwa na kopi? Ni miye. Nilificha disketi mu kopo ya unga kule Kasugho. Juzi nikarudisha yote mu machine mupya. Yote! Hakuna hata mutoto mumoja alipotea.

— Akiba haiozi, alisema Esdras, katekista wa zamani, ambaye alikuwa na methali kwa kila jambo, na mara nyingi ilikuwa ya jambo jingine.

— Yangu imeoza! Vagheni alipiga ubao kwa ngumi.

— Donc basi ni panya, Esdras alisema. Panya ya Kasugho inakula plastiki. Na inaanzia kwa namba kubwa, sababu njo iko na mafuta.

— Panya gani! alidakia Marie-Jeanne huku akimimina. Ni chumvi. Ile kopo ilikuwa ya chumvi kabla ya unga. Chumvi inakula hata bati ya nyumba.

— Hapana, sikieni vizuri. Esdras aliinua kidole. Ni bakubwa ba uasi. Banataka batoto betu bakose masomo, babebe bunduki. Banapitisha kitu mu waya ya jenereta, pointi zinashuka zenyewe. Mficha uchi hazai!

Vagheni alitamani kummwagia kahawa ya moto. Kwake haya hayakuwa mchezo. Maliro alikuwa hajatoka chumbani tangu jana, na mjini mle kijana aliyekosa shule alikuwa na bunduki inayomsubiri; hapo Esdras hakukosea.

— Disketi. Ulihakikisha namna gani?

— Nilihesabu, Papa. Majina na pointi, hesabu moja. Juste!

— Miye nikihesabu magunia bila kufungua, si bataniuzia muchanga? Ulifungua hata gunia moja? Uliita hata mutoto mumoja, ukamuuliza: wewe ulipata ngapi?

Mukendi alikwaruza kikombe chake kwa ukucha.

— Na majina uliandika namna gani?

— Disketi ni kadogo. Niliandika jina ya kwanza tu. Pointi za ba Kambale nikapatia ba Kambale, vile balikuwa banafuatana mu liste ya masomo ya mwanzo wa mwaka.

Marie-Jeanne alishika kichwa. Katika nchi ile mtoto wa kiume wa pili ni Kambale, nyumba kwa nyumba. Ukiita Kambale sokoni, nusu ya soko inageuka.

— Miaka yote hii unakula chumvi yetu, Vagheni alisema, na sauti yake sasa ilikuwa chini, ikawa mbaya zaidi. Unakunywa kahawa na siye. Hata majina yetu hujajua!

Alikuwa ameshamkamata Mukendi ukosi wa shati pale mwanamke mmoja aliposimama mbele yao, matope mpaka magotini, mkononi ameshika karatasi iliyofungwa katika mfuko wa plastiki.

— Jambo zenu, ba papa. Naitwa Débora, natoka Vuhovi. Banasema mutu wa machine anakaaka hapa.

Vagheni akauachia ukosi. Mukendi alipokea karatasi, akasoma kwa sauti.

— Kambale Malachie. Sitini na saba.

Zilikuwa zile zile, za Maliro! Vagheni akanyoosha mkono.

— Mwalimu mupya alinitumia hiyo karatasi, Débora alisema. Mutihani ilikuwa mwezi wa saba, njo vile?

— Njo vile, mama.

— Malachie balimuua mu njia, mwezi wa tano. Balituletea maiti imefungwa mu shuka, bakatukataza kufungua. Tukazika vile.

Aliwatazama mmoja mmoja, na machoni mwake mlikuwa na kitu ambacho Vagheni hakutaka kukiona. Lilikuwa tumaini.

— Donc, kama aliandika mutihani mwezi wa saba, siye tulizika nani?

Vagheni alirudisha mkono wake polepole. Esdras akasogea, akampa mgeni nafasi kwenye ubao.

— Mwambie, Vagheni alimwambia Mukendi. Wewe njo ulihesabu. Mwambie mama.

Mukendi alikunja karatasi, akairudisha polepole katika mfuko wa plastiki. Marie-Jeanne akainamisha birika juu ya kikombe cha mgeni. Halikutoa hata tone.