Mbuzi Niliyowapelekea Watu wa Kodi

Benny, zima hiyo redio, na wewe Masika niwekee muto mwingine nyuma ya mugongo, juu maneno niliyo nayo leo hayatoki vizuri mutu akiwa amelala. Rosine, acha vyombo, ingia ndani. Hapana, si pale mulangoni, kaa hapa kitandani karibu na miguu yangu. Padiri amekuja, amenipaka mafuta, amekwenda, na mimi na Mungu tumekwisha kuelewana. Kilichobaki ni jambo la hisa za Kalengera, na hilo sijaelewana nalo hata kidogo. Nalala nalo, naamka nalo, kichwa kinanizunguka, na sikutaka kufa nikiwa bado nauliza, lakini naona nitakufa hivyo hivyo. Basi munisikilize, wanangu, na musinikate maneno mpaka nimalize.

Munajua kwamba nilishuka kutoka upande wa Butembo nikiwa kijana muuza maharagwe, na kwamba pale Kalengera, kwenye barabara ya Rutshuru, tuliungana wafanyabiashara tukanunua mashini ya kukoboa kahawa. Kila mutu alileta alichokuwa nacho, na kwa kile alicholeta akapewa hisa. Mama yenu Henriette, Mungu amupumzishe, aliniuliza: hizi hisa ziko wapi nizione, na zinakula nini? Nikamwambia hazili, zinatulisha. Kila mwaka kahawa ikiisha kuuzwa sosiete, yaani kampuni yetu, inahesabu faida, inagawia kila mutu kadiri ya hisa zake, na hilo gawio ndilo watu wa biro, wale wa ofisini, wanaita dividande. Ndilo lililojenga nyumba hii ya mbao hapa Ndosho. Ndilo lililomusomesha Masika mpaka akawa mwalimu, na wewe Benny lilikusomesha mpaka pale ulipokataa mwenyewe, tusirudie hayo leo.

Wakaja wakimbizi, barabara ikajaa watu na magodoro kichwani, kipindupindu kikatuzika majirani, na mashini ikazunguka. Ikaja vita ya kwanza, ikaja hii ya pili, mashini ikasimama, ikazunguka tena. Guylain, mutoto wangu, bwana yako Rosine, alikuwa anaendesha lori ya sosiete, akapigwa risasi njiani karibu na Rumangabo na watu ambao mpaka leo hakuna anayejua walikuwa wa nani. Tangu siku hiyo nachukia harufu ya kahawa, nasema wazi, nikiisikia kwa jirani nafunga dirisha. Lakini gawio liliendelea kuja, na mimi sikuligusa tena, lilikwenda lote kwa Rosine na watoto wa Guylain: unga, masomo, dawa. Hawana kitu kingine. Hilo mulishike, juu ndilo jambo lenyewe. Rosine na watoto wanaishi kwa gawio la Kalengera, gawio la Kalengera linakufa, na mimi sijui nani analiua.

Juu mashini inafanya kazi! Kahawa ipo, na faida ya mwaka huu ni ile ile ya mwaka jana. Zihindula ameniapia, yule wa Bukavu anayeshika hesabu za sosiete, mutu mupole anayesema Kifaransa hata akiwa usingizini. Lakini hawa wakubwa wapya wanaoshika muji walikuta kodi ya gawio ni kumi kwa mia, wakaipandisha ishirini, na sasa wametangaza thelathini. Na Kinshasa, ambako hatuwezi hata kufika, inasemekana nako wanahesabu kodi yao pole pole, wanatungojea siku nchi itakapoungana. Nikamuuliza Zihindula, faida haikupungua, mbona gawio linapungua? Akasema, papa, sosiete inalipa kwanza kodi yake juu ya faida, halafu kile kinachobaki, kikitoka tu kuja kwako, kinalipa tena. Nikasema, kwa hiyo kitu kimoja kinakatwa mara mbili? Akasema ndiyo. Nikasema, juu ya nini? Akasema, ndiyo sheria, papa. Nilimuangalia, nikaona naye amechoka.

Ndipo nilipofanya lile jambo munalonichekea. Benny, naona mudomo wako, cheka tu. Kule kwetu mutu akilima anapeleka muhako, ile mbuzi ya heshima, kwa mukubwa wa udongo, na akija mukubwa mupya unaipeleka tena, kwa mukono wako mwenyewe, unamwambia: mimi ndiye ninayelima pale, baba yangu alilima pale, unitambue. Ukifanya hivyo hakuna wa kukugusa. Baba yangu alifanya hivyo na hakuna aliyetuhamisha. Nami nikajiuliza, hisa si shamba? Nikavaa koti langu la ndoa, nikanunua beberu jeusi, si mbuzi ya kuonea haya, nikaikokota kwa miguu mpaka biro ya kodi katikati ya muji, vijana wa moto, hizo pikipiki za abiria, wananipigia honi njia nzima. Mukubwa wa pale alinipokea vizuri mno. Alifungisha mbuzi kwenye muti wa bendera, akaniletea kiti, akauliza jina langu, kartie yangu, ule mutaa ninaokaa, hisa zangu ziko ngapi, na mimi nikamujibu yote kwa furaha, juu niliona ananitambua.

Na kweli alinitambua. Mwezi haukuisha, wakaja watu wake hapa nyumbani na karatasi yenye jina langu: Sikuli alipe kodi ya gawio lake. Nikawaambia, imekwisha kukatwa kwa sosiete. Wakasema, ya sosiete ni ya sosiete, na ya Sikuli ni ya Sikuli. Zihindula alipoisoma alijishika kichwa. Kumbe wenye hisa wengine wote wamekaa kimya nyuma ya sosiete, kodi yao inakatwa kule na hakuna anayewatafuta kwa majina, ni mimi peke yangu nimekwenda kujitaja. Sasa nakatwa kule, halafu wananifuata mpaka hapa. Ndiyo maana Benny akiwa na rafiki zake ananiita muzee wa mbuzi, anadhani sisikii. Lakini niambie, mwanangu, kosa langu liko wapi? Mutu akila kitu asijionyeshe kwa mwenye nchi? Ajifiche, kama mwizi wa ndizi? Mukubwa wa udongo akikubali mbuzi yako amekupa neno lake, hawezi tena kukugeuka. Hawa waliila, nasikia waliila na bia, halafu wakapandisha. Kichwa changu kinakataa, na mpaka leo nikisikia mbuzi inalia nje nasikia hasira.

Masika, maji. Kidogo tu. Asante, binti yangu.

Sasa sikilizeni lililo mbele yetu. Jumamosi hii kuna mukutano wa wenye hisa, kwenye sale, ule ukumbi wa parokia. Adalbert, mukubwa wa sosiete, anataka faida ya mwaka huu isigawiwe kabisa, ibaki ndani, inunue mashini ya pili. Zihindula amenieleza mpaka sauti ikamukauka: pesa isiyotoka kwa wenye hisa haikatwi ile thelathini, mashini ya pili itaongeza kazi, hisa zetu zitapanda thamani, na siku moja tutakuwa matajiri kuliko leo. Nikamuuliza, kwa hiyo nisipokula ndipo ninapokuwa tajiri? Akasema, kwa namna fulani, ndiyo, papa. Nikamuuliza, na Rosine jumatatu atapika thamani?

Mimi simupendi Adalbert, mulijue hilo. Kwenye kilio cha Guylain hakukanyaga, alimutuma dereva na mufuko wa sukari, na mutoto wangu alikufa kwenye usukani wa lori yake. Muto huu nimeulilia kwa sababu ya ile sukari. Lakini nikisema ukweli mbele ya kifo, sioni kama Adalbert anadanganya. Ana maduka, ana magari, anaweza kungojea miaka mingi bila njaa, na pengine hesabu yake ni nzuri kweli. Hilo ndilo linanichanganya. Ingekuwa anaiba ningejua la kufanya, ningekwenda kupiga kelele mulangoni kwake. Haibi. Anataka tuwe matajiri, na watoto wa Guylain walale na njaa wakati wa kungojea.

Na wewe Benny unasema tuuze. Nilikutuma kuuliza bei ukarudi umeinamisha kichwa: tangu hiyo kodi itangazwe hakuna anayetaka hisa za kula gawio, na yule mufanyabiashara wa Birere anatoa nusu ya bei ya zamani, tena kwa masharti. Unataka kununua moto za kukodisha. Sikatai, moto inaleta chakula leo leo. Lakini moto inaibiwa, moto inachukuliwa na mwenye bunduki asubuhi na jioni unaiona anaipanda mwenyewe. Hisa, nilisema siku zote, hakuna mwenye bunduki anayeweza kuipanda akaondoka nayo. Halafu nikalala, nikawaza: na hii thelathini ni nini basi? Si wameipanda? Ah, munaona. Nikishika upande huu, ule unaniponyoka. Nimefanya biashara tangu ujana wangu, nimehesabu mifuko gizani, nimevuka vita, na jambo hili limenishinda.

Basi. Sielewi, lakini nitaamua, juu hata mutu asiyeelewa ana watoto wa kulisha.

Nyumba hii na kiwanja chake ni vya Benny, na Rosine hafukuzwi humo, chumba chake ni chake mpaka atakapotaka mwenyewe kuondoka. Shamba la baba yangu kule Butembo ni la Masika, na muhako wake uupeleke mwenyewe kwa mukono wako, na asicheke mutu. Hisa za Kalengera, zote, ni za Rosine. Benny, kaa. Kaa chini. Najua desturi kukushinda, najua mujane wa mutoto wa kiume anangojea kupewa na shemeji yake. Wewe si mutu mubaya, na ningekuwa na hisa za mutu anayecheka vizuri na kuimba vizuri ningekupa wewe. Lakini pesa haikai kwako, mwanangu, na hilo unalijua kunishinda. Jana mulipokuwa kwenye misa Zihindula alikuja, akabadilisha jina, nami nikaweka kidole. Imekwisha. Watu wa kodi wakija kumuuliza Sikuli, muwapeleke kwenye kaburi wamuulize.

Na wewe, Rosine, usiende kujitambulisha kwa mukubwa yeyote. Usipeleke mbuzi. Usipeleke hata yai. Sijui kama ni haki, lakini ndivyo dunia yao ilivyo.

Munizike karibu na Henriette, sanduku la mbao za kawaida. Kilio kisiwe kirefu. Nikifa kesho, nikifa ijumaa, hata kama udongo wangu bado haujakauka, jumamosi Rosine anakwenda mukutanoni. Wanawake watasema, mujane tena yuko kwenye kilio cha baba mukwe, anatoka vipi? Muwaambie muzee ndiye aliyemutuma. Benny, utamusindikiza. Utakaa kando yake na hutasema neno. Sema ndiyo. Sisikii... sema kama mwanaume. Haya. Asante, mwanangu. Masika, umemusikia.

Pale wanapiga kura kwa kuinua mukono, na Zihindula anahesabu hisa za kila mukono ulio juu. Adalbert atasema kwanza, atasema vizuri, kwa Kifaransa, na utaanza kuamini. Umuache aseme. Wakiuliza nani anataka faida igawiwe, inua. Hata kama kodi itakata thelathini, inua, juu inayobaki inaingia kwenye sufuria. Pengine... pengine nakuelekeza vibaya. Pengine wajukuu wangu watakuja kusema, babu alitunyima mashini ya pili. Muwaambie babu hakujua. Alijua tu kwamba walikuwa na njaa.

Hewa... ngoja. Hapana kulia, Masika. Nishike hapa.

Mungu awalinde kwenye barabara zote, zenye askari na zisizo nao. Masika, wanafunzi wako wakuheshimu. Benny, upate muke atakayekucheka kwa upendo. Watoto wa Guylain wakue, wawe na sauti... Rosine, mwanangu, nasema mwanangu, uliletwa hapa na mutoto wangu na wewe ndiwe... wewe ndiwe ulibaki. Nakubariki.

Hebu inua mukono, nikuone. Juu zaidi. Pale watu ni wengi, wanaume wamesimama, hawatakuona. Juu... Mbona sioni? Masika, ameinua? Ameinua kweli? Haya. Haya, mwanangu. Hata wakikuangalia vibaya, Rosine... usiushushe mpaka wakuhesabu.