Masweta ya Mahindi ya Marsela Lyamba

Ndugu zetu, majirani, na nyie wa sokoni mliofunga vibanda kuja kumsindikiza Marsela, sikilizeni. Haya yote marehemu alitaka yasomwe, na aliyasikiliza mwenyewe akiwa bado na pumzi. Yaliyo mazuri tungeyasema hata asingetuagiza. Yale yasiyopendeza ndiyo aliyoyakazania.

Marsela alizaliwa tarehe 3 Mei 1944 kijijini Usevya, Mpimbwe, mtoto wa pili wa mzee Damiano na mama Theopista, wakulima wa mpunga. Alipewa kazi ya kuamia ndege kama watoto wengine, ila mikono yake haikukubali kukaa bure. Siku moja ndege walishuka wakala mpunga hadi wakashiba, yeye ameinama anasuka kikapu cha ukindu. Alichapwa. Lakini kikapu chenyewe mama alikichukua, akawa anakwenda nacho kanisani miaka mingi.

Alianza shule ya misheni mwaka 1953 akafika darasa la nne, na wakati ule mtoto wa kike akifika hapo alihesabiwa amemaliza. Sista mmoja aliwafundisha wasichana kufuma. Sindano zilikuwa za sista na zilibaki shuleni, kwa hiyo Marsela alichomoa spoki mbili kwenye baiskeli ya baba yake, akazinoa ncha kwenye jiwe, akaendelea nyumbani. Mzee Damiano aligundua siku gurudumu lilipopinda na gunia la mpunga likiwa juu. Alinuna wiki nzima. Alipovishwa kofia ya uzi mwekundu iliyotokana na spoki zake, kununa kukaisha.

Tarehe 20 Oktoba 1962 Marsela alifunga ndoa na Sylvanus Lyamba, mfanyakazi wa reli, wakahamia Mpanda mjini, karibu na stesheni. Walijaliwa watoto watatu: Erasmus, Bernadetha na Sikujua. Sweta la kwanza alilomfumia mumewe lilikuwa na mkono mmoja mrefu kuliko mwenzake, maana ule wa pili aliufuma akiwa na mimba ya Erasmus, anasinzia kila baada ya mstari. Sylvanus alilivaa kazini hivyo hivyo. Wenzake walipomcheka aliwajibu kwamba mkono ule mrefu ni wa kupungia treni. Marsela alitaka kulifumua, mume akakataa katakata. Sylvanus alituacha tarehe 14 Februari 1989, na tangu hapo Marsela aliendesha nyumba kwa sindano.

Kufuma kuna adha ambayo mvaaji haioni. Anaona sweta, haoni mgongo unaouma, wala kitanzi kimoja kilichoponyoka kikamrudisha fundi kufumua kazi ya tangu asubuhi. Miaka ile ya themanini, uzi ulipopotea madukani, Marsela aliomba watu masweta yaliyochakaa, akayafumua, akauchemsha uzi, akauzungusha kwenye mgongo wa kiti mpaka ukanyooka, akaanza upya. Mtoto akizaliwa mtaani, Marsela alitokea na kofia na soksi kabla hata jina halijapatikana. Na alikuwa na tabia moja iliyowachekesha watu: akikutana na mtoto aliyevaa kazi yake, anasimama katikati ya njia kumtazama mpaka akate kona. Ukimsemesha wakati huo hajibu. Hiyo ndiyo ilikuwa raha yake.

Mwaka 1976 alimfahamu Thacienne, mama Leonidas, wa Katumba, mmoja wa waliokimbia Burundi. Thacienne alikuwa anauza maharage sokoni. Alimtazama Marsela akifuma, akaacha maharage yake, akaketi, akaomba sindano na kumwonyesha namna ya kwao. Maharage siku hiyo hayakuuzwa. Tangu hapo kila Thacienne alipokuja mjini alifikia kwa Marsela. Ni Thacienne aliyeshika hindi la kuchoma, akazungusha, akasema hizi punje mbona zinafumika. Walijaribu, wakafumua, wakagombana. Marsela alitaka punje zipishane, Thacienne alisema hajawahi kuona hindi la namna hiyo likiota popote. Akashinda. Likatoka sweta lenye punje zilizotuna kifuani, mistari imenyooka, mtu akilipapasa anaweza kuhesabu. Mpanda nzima hakuna aliyelijua isipokuwa wao wawili. Thacienne akawafundisha wasichana wa Katumba, Marsela akawafumia watu wa mjini, na kila mmoja akimsifia mwenzake kwa wateja.

Kisha yakaja marobota ya mitumba.

Kufika mwaka 1993 wale wale waliovisha watoto wao kazi ya Marsela walipita mbele ya kibanda chake bila kugeuza shingo, wakaenda kuinama kwenye lundo la Shadrack, muuza mitumba. Wifi yake mmoja, ambaye yupo hapa na hatumtaji, alimwambia sweta la kufuma linamfanya mtoto aonekane wa kwao hawana kitu. Marsela akaanza kununua kwa Shadrack masweta ya mtumba yaliyotoboka, akayafumua kupata uzi. Lebo za shingoni alizikata akazitia kwenye kopo, kwa sababu hakuwa mtu wa kutupa kitu.

Siku moja Shadrack, kwa utani, alitundika sweta la Marsela katikati ya mitumba yake. Mama mmoja akalinyakua, akasema wazungu hawa wanajua kufuma, huku kwetu mtu anafuma kama anasuka mkeka. Shadrack alicheka hadi akakaa chini. Marsela naye alicheka. Lakini wiki haikuisha kabla hajafungua lile kopo na kushona lebo kwenye shingo za masweta yake mwenyewe.

Biashara ikanyanyuka. Kibanda kikahamia karibu na cha Shadrack, na watu wakasema mama Erasmus ana jicho, robota lake ni la daraja la kwanza. Lebo alizishona bila kuzisoma, maana zilikuwa Kiingereza. Kuna sweta la mtoto mchanga alilolishonea lebo ya suruali ya mwanaume mzima, aliyoiokota kwa Shadrack, kiuno thelathini na sita. Mnunuzi alisomewa na mtu anayejua, akashangaa kidogo, kisha akasema kumbe watoto wa Ulaya wanazaliwa wanene. Msicheke sana. Nanyi mlinunua.

Sasa linakuja lile lililomnyima usingizi. Jumamosi ya tarehe 17 Juni 1995, Thacienne alikuja sokoni na masweta ya mahindi yake na ya wasichana wake, mzigo mzuri, kazi ya msimu mzima. Alitandika khanga chini akayapanga. Wateja wakaja, wakayageuza, wakayapeleka hadi kwenye kibanda cha Marsela kuyalinganisha na yaliyoning'inia pale yenye lebo. Yalikuwa mamoja, punje kwa punje. Hapo mama mmoja akamgeukia Thacienne kwa sauti ya kutosha, akamwambia ameiga vizuri, ila kuiga ni kuiga, na wakimbizi kwa kuiga hawajambo. Watu wakacheka. Mwingine akasema ya kweli yapo hapa, ya nini kununua ya bandia.

Thacienne hakugombana nao. Aliinuka akaenda mbele ya kibanda, akasema, "Mama Erasmus, waambie."

Marsela alikuwa na sweta mkononi. Alilikunja, akalikunjua, akalikunja tena.

"Mimi najua nini," alisema. "Mimi nafungua robota tu."

Thacienne alimtazama. Kisha akarudi kwenye khanga yake, akakusanya masweta moja moja, akafunga mzigo. Jioni ile Marsela aliuza masweta ya mahindi yote yaliyokuwapo kibandani. Alipofika nyumbani aliketi jikoni na hakupika. Mdogo wake Angela, aliyekuwa anakaa naye, alidhani ni malaria.

Huko Katumba habari ilifika kabla ya Thacienne mwenyewe. Wasichana wakaacha, mmoja mmoja. Nani atakesha na sindano ili aambiwe ameiga. Thacienne akaweka sindano pembeni akarudi kwenye kilimo cha tumbaku. Marsela alipata habari zote hizo kwa wauza maharage, na kila aliposikia alisema atakwenda. Hakwenda. Aliacha kufuma sweta la mahindi, akafuma mengine, akayashonea lebo kama kawaida. Na ile tabia ya kusimama njiani kuwatazama watoto ilikoma. Akimwona mtoto amevaa kazi yake alipita upande wa pili. Miaka mitatu ilikuwa hivyo, na nyumba ikaezekwa bati jipya, na watu wakamsifu, na kila aliposifiwa aliinamisha kichwa. Mlidhani ni unyenyekevu.

Mwishoni mwa mwaka 1997 Marsela alianza kuvimba miguu na kuhema akitembea. Hospitalini waliona moyo umechoka, akapewa dawa na kuambiwa apumzike. Badala ya kupumzika, mwezi Machi mwaka huu alipanda lori lililokuwa linakwenda kuchukua tumbaku, akashuka Katumba, Angela akimshika mkono. Thacienne aliwatolea kigoda na maji ya kunywa, akauliza habari za nyumbani, za miguu, za Erasmus. Hakuuliza habari za soko. Marsela akasema yote, ya kopo, ya lebo, ya neno lile alilolisema mbele ya watu, na akalia.

Thacienne alimwacha amalize. Kisha akasema, "Mama Erasmus, mimi hayo nayajua, nilikuwepo. Wasiojua ni wale waliocheka. Hao ndio wa kuwaambia."

Marsela akamwambia basi amsamehe kwanza, apate nguvu. Thacienne akajibu kwamba wala hana chuki naye, na kwamba chakula kipo tayari, ale. Zaidi ya hapo hakusema. Walikula ugali na maharage, wakasindikizwa hadi barabarani.

Jumamosi iliyofuata Marsela alikwenda sokoni kusema. Alikaa kwenye benchi la Shadrack tangu asubuhi. Kila alipofungua mdomo, mteja alifika na sifa zake za wazungu, na yeye akafunga mdomo. Akarudi nyumbani. Jumamosi nyingine akaenda tena, akaishia kuwauliza watu bei ya dagaa. Alimwambia Angela kwamba kufa haogopi, anaogopa zile nyuso zitakavyogeuka kumtazama. Safari ya tatu miguu haikumfikisha hata mlangoni. Ndipo akasema, basi wakija kunizika watakuwa wote pale, nami sitaziona nyuso zao, waambieni.

Angela akaandika. Aliposoma kwa mara ya kwanza alikuwa ameweka kwamba marehemu alikosea kidogo. Marsela akamwambia aliondoe hilo neno "kidogo". Kaka yao Ponsian naye alikuja akasema mazishi si mahali pa kuumbuana, ukoo utachekwa hadi Usevya. Marsela akamjibu kwamba Thacienne alichekwa sokoni akiwa mzima, anasikia, na yeye atachekwa akiwa maiti, hivyo bado nafuu ni yake. Ponsian hajaafiki hadi leo, na amekaa hapo ameinamisha kichwa. Familia nzima tunaona haya. Hatusomi haya kwa raha.

Marsela alifariki nyumbani, Alhamisi tarehe 9 Julai 1998, saa tatu asubuhi, akiwa na miaka hamsini na minne, mikononi mwa binti yake Bernadetha, baada ya kupakwa mafuta matakatifu na padre.

Basi leo Jumamosi, mbele ya watu wa soko la Mpanda, kwa agizo la marehemu: masweta ya mahindi hayakutoka Ulaya. Hayakutoka kwenye robota lolote. Yalibuniwa na Thacienne, mama Leonidas, wa Katumba, akishirikiana na Marsela, na aliyeona punje kwanza ni Thacienne. Siku ile sokoni Thacienne hakuiga kitu cha mtu. Marsela alijua, aliulizwa, akakana. Nyie mliocheka siku ile mnajijua. Na nyie mliovaa masweta hayo asubuhi hii kwa sababu ya baridi, msiyavue. Ni masweta mazuri, yamefumwa na mtu mliyemjua jina, akiwa ameketi kwenye mkeka mtaani kwenu. Uzuri wake ndio ule ule mliousifia mkidhani umevuka bahari.

Marehemu ameacha watoto watatu, Erasmus, Bernadetha na Sikujua, wajukuu watano, kaka yake Ponsian na mdogo wake Angela. Ameacha pia fundi mwenzake Thacienne, na jina hilo liko hapa, pamoja na majina ya ndugu, kwa agizo lake. Erasmus alipeleka taarifa Katumba jana. Wakati karatasi hii inapigwa chapa hatujui kama Thacienne atakuja. Kama yupo, tunamwomba apite mbele akae na familia. Kama hakuja, hatuna la kumlaumu, na mtu anayekwenda Katumba kesho amfikishie kwamba yamesemwa, na waliokuwepo wamesikia.

Marsela, ulichoshindwa ukiwa na miguu tumekifanya sisi kwa niaba yako. Mungu akupokee, na akupe pumziko la amani.