Mzee Mkia Aaga Mafaili Yake

Baada ya miaka thelathini na mmoja ya kuhakikisha hakuna mtu mwingine hospitalini anayeweza kupata faili, mtunza masjala wetu anastaafu rasmi Ijumaa hii, tarehe 30. Tulimwita Mzee Mkia, na alilipenda jina hilo.

Watu wa kawaida hupanga 1, 2, 3. Yeye aliona hayo ni mambo ya chekechea. Kwake, mkia wa namba moja ndio kichwa cha inayofuata: chukua tarakimu ya mwisho, kisha tafuta namba ndogo kabisa inayoanza nayo ambayo bado haijapangwa. Hivyo 1 ikafuatwa na 11, kisha 12, 2, 21, 13, 3, 31. Zinazoishia na sifuri, kwa kuwa hakuna namba inayoanza na sifuri, zilipewa kabati lao la upweke karibu na choo. Alidai kwamba faili likiwekwa pasipo pake, jicho huliona papo hapo. Jicho lake, bila shaka.

Uongozi ulimwandikia barua tatu za onyo. Alizipokea kwa heshima, akazipa namba, akazipanga. Hadi leo hazijaonekana.

Mwaka jana, Mzee Mkia akiwa likizo, mama yangu aliletwa hapa utumbo umejisokota, apasuliwe haraka. Faili lake ni namba 91, na ndani yake imeandikwa dawa ambayo iliwahi kumziba koo nusura afe. Jina la dawa hakulikumbuka. Mimi, karani msaidizi kwa miaka sita, nilikuwa napekua rafu za ndani, kwenye tisini na kitu. Nikampigia simu. Alikuwa kwa kinyozi. Bila hata kufikiri aliniambia niangalie karibu na mlango, baina ya 9 na 101, na nisilie juu ya mafaili yake. Lilikuwepo. Sindano yenye dawa ileile ilikuwa tayari kwenye trei.

Wiki hiyohiyo nilikuwa nimetia saini ombi la kutaka aondolewe kazini. Niliandika kwamba hana manufaa yoyote. Naomba radhi mbele ya wote.

Jumatatu masjala inakuwa yangu, na uongozi umeniagiza nirudishe 1, 2, 3. Nimekubali kwa moyo mkunjufu, na nitaanza mara tu nikizeeka.

Mzee wetu, asante. Pumzika vizuri, amka saa unayotaka, na simu usiizime. Mama yuko mstari wa mbele, mzima wa afya, na amekataa kugusa keki kabla hajakushika mkono.