Anyosisye Mbonile, Mzibuaji wa Nyumba za Mpemba

Baada ya miaka thelathini na moja ya utumishi, Mzee Anyosisye Mbonile, fundi bomba wa nyumba za watumishi wa kampuni yetu hapa Mpemba, anastaafu tarehe 30 Juni. Tunamuaga katika ukumbi wa kampuni, ukumbi ambao hajawahi kuupenda. Aliomba sababu yake ielezwe, nayo inaelezwa hapa.

Alitoka Ileje akiwa kibarua wa kuchimba mitaro. Katika mitaro hiyo ndimo lilimolazwa bomba la majitaka la nyumba zetu zote. Lilipoziba, alifunua chemba ya kona, pale bomba linapokata kuelekea shimo kuu, akalizibua kwa fito za mianzi, akarudi kumalizia chai yake. Watoto walimwita Babu Mwanzi, naye aliitika.

Kisha ukajengwa ukumbi. Msingi ulipita juu ya chemba ya kona. Mzee alisimama mbele ya mafundi akasema, "Mnajenga sebule juu ya koo la watu." Alijibiwa kwamba ramani imeshapitishwa. Zege likamwagwa, vigae vikapangwa, picha zikapigwa. Tangu hapo bomba linaziba kila masika, na siku hizi hata kiangazi.

Lawama ziliwaangukia akina mama. Waliambiwa mkutanoni kwamba wanasugua sufuria kwa majivu na kumwaga kwenye sinki. Wakahamia kuoshea vyombo nje, katika baridi ya Juni tunayoijua. Bomba likaziba vilevile. "Waacheni wake za watu," mzee alisema. "Tangu lini majivu yakajenga ukumbi?" Alicheka peke yake. Hakuna mtu katika mkutano ule ambaye hakujua chemba iko wapi, na hakuna aliyeinua mkono.

Nyumba ya Mama Gwantwa ndiyo ya chini kabisa, kwa hiyo uchafu wa nyumba zote hurudi kwake. Siku wakwe walipomletea mahari ya binti yake, majitaka yalipanda bafuni yakaingia koridoni. Mzee alikuwa mwalikwa, amevaa suti. Alivua koti na kukunja suruali. "Mama Gwantwa, leo umepata wageni wa pande mbili. Wa mlangoni wapokee wewe, hawa wa chooni niachie mimi." Wakwe walicheka sana. Mama Gwantwa alilia jikoni.

Mwaka juzi mzee aliomba sakafu ya ukumbi ivunjwe. Badala yake aliletewa dawa kali ya kuzibulia. Ilimrukia kutoka bombani, ikamchukua jicho la kushoto. Taarifa ya ajali ilisema hakuvaa miwani ya kazi. Miwani hiyo haikuwahi kutolewa, na ni vema hilo nalo likaandikwa mahali.

Kazi yake inachukuliwa na Ndugu Joshua Ngolo wa Ndalambo, baba wa watoto wawili, mwenye macho yake yote mawili. Ameshakabidhiwa fito za mianzi, na dawa ni ileile.

Mzee alipoulizwa angependa zawadi gani, hakutaja kitu cha kubeba. Aliomba vigae vichache ving'olewe na chemba iwekewe mfuniko kabla Joshua hajaanza kazi. Ilionekana kwamba vigae bado ni vizuri, na ikanunuliwa saa ya ukutani.

Wageni mnaombwa kutumia choo cha getini. Cha ukumbi kimeziba tangu juzi, na anayekijua ndiye tunayemuaga.

Mzee Mbonile, asante kwa kila asubuhi uliyoingia katika uchafu wetu ili sisi twende kazini tukiwa safi. Rudi salama Ileje. Ulale usingizi usiokatizwa na bomba la mtu, na jicho lililobaki lione mema tu. Saa yako iko juu ya meza kuu. Zawadi uliyoiomba iko chini yake.