Shimo Moja la Baba Joel

Mchungaji, wafiwa na majirani, poleni. Mimi ni Chrispin, nimepewa kusoma maisha ya kaka yangu, Alfredi Nikolao Nampoto, Baba Joel, ambaye tangu utoto alituchosha kwa swali lake: hiki mnachokitupa kinakwenda wapi?

Kaka alizaliwa Chiungutwa tarehe 14 Juni 1959, akasoma shule ya msingi hapo hapo kuanzia 1968 hadi 1974, baadaye akasomea afya, na mwaka 1983 akaajiriwa Newala kama bwana afya, akipita na baiskeli nyumba kwa nyumba kuamuru kila kaya ichimbe shimo la taka, na ole wake asiyechimba. Tarehe 6 Septemba 1986 alifunga ndoa takatifu na shemeji yangu Flora, wakajaliwa Joel, Mabel na Loveness.

Alistaafu Juni 2019 akahamia hapa Lisekese, na shimo lake lilipojaa, badala ya kuchimba jingine kama alivyotuamuru sisi miaka yote, alilifukua, jamani, akatandaza taka zote uani juu ya turubai apate kuona alichokuwa akikitupa, shemeji akanuna kweli kweli. Maganda na masazo aliyaozesha akaipelekea migomba, chupa akawapa kina mama wauza mafuta ya kula, ndala zilizokatika akazichonga vizibo vya madumu ya maji. Alijaribu pia kupikia maganda ya korosho, moshi wake ukatutoa wote jikoni tukilia kabla ya msiba. Pampasi zilimshinda, na hadi mwisho alikuwa akiuliza zifanywe nini.

Moyo ulianza kumsumbua Novemba 2024, akalazwa Masasi, na huko wodini alimwomba Joel kwamba kwenye msiba wake lichimbwe shimo moja tu, kwani sote tunajua misiba yetu huchimba mawili, la marehemu, na la nyuma ya jiko la kutupia sahani za plastiki na chupa. Alifariki tarehe 9 Machi 2025.

Jana vijana, kwa mazoea tu, walichimba yote mawili. Shemeji, ambaye kwa desturi mjane haondoki kwenye mkeka wake, alitoka mbele za watu wote, akasimama ukingoni mwa lile la jikoni na kusema hakuna atakayetupa kitu humo. Nilimwonea huruma, nikaona fahari pia. Leo asubuhi masazo ya chakula chenu, ambayo kwa Baba Joel hayakuwa taka, yamefukiwa humo, na juu yake umepandwa mgomba.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi, majirani mliopika na kuchota maji, na mabwana na mabibi afya wenzake mliotoka Newala. Chupa zenu wekeni kwenye matenga pale mlangoni, Joel anajua zinakokwenda.

Kaka, pampasi tuachie sisi. Shimo la leo ni moja, nalo ni lako. Pumzika humo kwa amani.