Kansela Haondoki Bila Mrithi

Baada ya miaka ishirini na minane ya kufundisha Siasa Linganishi katika chuo chetu hapa Hurlingham, Mwalimu Phoebe Wesonga anastaafu rasmi tarehe 31 Julai. Wengine watakwambia wamefurahi kwa niaba yake. Mimi sijafurahi hata kidogo, na yeye mwenyewe nimemwambia.

Alitujia kutoka shule moja ya upili ya Kangemi, na kipindi kilichompa jina ni kile cha Ujerumani. Wanafunzi waliingia wakiamini rais ndiye kila kitu. Madam aliwaeleza kwamba kule wananchi huwachagua wabunge, wabunge humchagua Kansela, na Kansela ndiye anayeongoza serikali. Rais huchaguliwa na wabunge pamoja na wajumbe wa majimbo, na kazi zake nyingi ni za heshima, kama kutia sahihi sheria na kuwapokea mabalozi. Kila mwaka darasa lilinuna. "Sasa huyo ni rais wa nini, Madam?" Naye alijibu, "Wa kuwatuliza watu wenye kelele kama nyinyi."

Alichokipenda zaidi ni kile kifungu kinachosema Bunge la kule haliwezi kumng'oa Kansela kwa hasira tupu. Lazima kwanza lipige kura na kumpata wa kushika nafasi yake. Sheria hiyo aliileta hadi chumba cha walimu, ambako tulikuwa tumemchagua Waithera wa maktaba kuwa Kansela wa Chai. Jeremy Kuria wa Uhasibu akaanza kampeni ya kumwangusha, eti tangawizi inamchoma koo. Karibu sote tuliinua mikono. Madam akauliza tu, "Sawa, na kesho atapika nani?" Haki ya Mungu, kila mtu akakumbuka ana karatasi za kusahihisha! Waithera yuko madarakani mpaka leo, na tangawizi ni ile ile.

Wanafunzi wake sasa wamejaa katika ofisi za kaunti, magazetini na mahakamani. Wengi bado humpigia simu kila uchaguzi unapokaribia, kubishana naye tu.

Kinachoniuma ni kwamba chuo hakijamwajiri mtu wa kumrithi. Somo lake halimo katika ratiba ya muhula ujao. Ijumaa iliyopita, wakati wa chai, aliweka kikombe mezani akatuuliza, "Kwa hivyo mmemchagua nani?" Jeremy akainuka, akajimiminia chai ile ile ya tangawizi.

Asante, Madam, kwa subira na kwa ukali wako pia. Huko nyumbani Woodley ulale asubuhi bila kengele, sukuma wiki ya bustanini mwako inawiri, na wajukuu wakubishie vizuri. Lakini kwa sheria uliyotufundisha, hatujakuondoa. Kiti kilicho karibu na dirisha bado ni chako, mpaka tumpate mtu.

Ngui, Idara ya Historia